Limfoma: kabla hujauliza mgonjwa alikula nini

Tangu mjomba aambiwe ana limfoma simu hazikatiki, na karibu kila anayepiga akishamaliza kutoa pole anauliza lilelile, kwani alikuwa anakula nini? Wengine wanaenda mbali zaidi, ooh ni hizi simu watu wanalala nazo chini ya mto, ni kuku wa kisasa, ni chipsi za mafuta yaliyorudiwa, na kuna ndugu mmoja aliyesema waziwazi kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Mjomba anayasikia yote akiwa kakaa palepale kwenye kochi, mkono umevimba kwa dripu ya jana, na kiukweli inaniuma sana kwasababu ukimuuliza mgonjwa alikula nini unakuwa umeshamwambia kwamba kajitakia.

Ndo maana naandika. Mi sio daktari, ila nimesoma sana miezi hii, nimekaa na madaktari wake nikauliza kila nilichoona hakieleweki, na nilichokipata ni tofauti kabisa na yale yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna vitu vinavyoongeza hatari ya huu ugonjwa, vingine tunaishi navyo kila siku huku kwetu na tumeshavizoea kiasi kwamba hatuvioni, alafu tunaenda kulaumu chipsi.

Kwanza tuelewane. Limfoma ni saratani ya matezi, inaanzia kwenye zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, zinazokaa kwenye tezi za shingoni, kwapani, kwenye kinena, kwenye wengu na sehemu nyingine nyingi. Haiko moja. Kuna ya Hodgkin, imepewa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin aliyeielezea mwaka 1832, na kuna kundi kubwa la zisizo za Hodgkin ambalo ndani yake kuna aina kibao, nyingine zinakwenda taratibu miaka na miaka na nyingine zinapaa ndani ya wiki. Sasa ukishajua ziko nyingi hivyo unaona mwenyewe kwamba hakuna namna ziwe na sababu moja. Na wengi wanaoupata, ukipekua maisha yao yote hukuti kitu cha kukinyooshea kidole. Umri unachangia, wanaume wanaupata zaidi kidogo kuliko wanawake, ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeupata hatari yako inapanda kiasi, na hayo yote hakuna anayeweza kuyabadilisha.

Na hatari maana yake ni hatari tu. Kupanda bodaboda bila helmeti ni hatari, lakini wapo waliopanda miaka 20 hawajawahi hata kuchubuka na yupo aliyepanda mara moja ikawa basi. Mtu akikwambia kitu fulani kinaongeza hatari ya limfoma usielewe kwamba kila aliyekigusa ataugua, wala kwamba aliyeugua lazima alikigusa.

Nianze na ile ambayo dunia nzima iliijua kutokea hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, anaitwa Denis Burkitt, aliitwa kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja anachungulia dirishani anaona mtoto wa kike kakaa kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Akashtuka, kwasababu kitu cha ajabu ukikiona mara moja unasema ni ajabu, ukikiona mara ya pili unajua kuna jambo. Akaanza kufukua mafaili ya hospitali akakuta watoto wengine wengi, taya, tumbo, figo, wote walikuwa wameandikwa magonjwa tofautitofauti kumbe ni ugonjwa mmoja. 1958 akaandika, na leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Alichofanya baadaye ndo kinanifurahisha zaidi. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari la Ford lililokwishatumika wakazunguka kama kilomita 16,000 kutoka Uganda kushuka Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika na kurudi, kila hospitali wanayoikuta wanaingia, wanatoa picha za watoto na kuuliza, mmeshawahi kuona hivi? Sio maabara, sio kompyuta, ni picha na swali. Na jibu lilipowekwa kwenye ramani likaonekana: ugonjwa upo kwenye joto na mvua, haupo kwenye milima mirefu, haupo kwenye ukame. Yaani pale ambapo mbu wa malaria anashamiri na huo upo, pale anaposhindwa kuishi na huo haupo.

Miezi michache kabla ya safari hiyo alikuwa amehutubia London, na kwenye hadhira alikuwepo mtafiti anaitwa Anthony Epstein ambaye alitoka pale ameshaamua kutafuta kirusi kinacholeta huo uvimbe. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kilipatikana kwenye uvimbe wa mtoto wa Uganda. Huwa najiuliza kwanini hatufundishwi hili shuleni.

Sasa hapa watu wanapata hofu bure. Hicho kirusi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, mimi ninacho kwa hakika karibu yote na wewe unayesoma pia, kinaenda kwa mate, kikishaingia kinakaa kimya maisha yote na wengi hakiwasumbui kabisa. Tofauti ya huku kwetu ni kwamba watoto wanakipata wakiwa wadogo mno, wengi hata mwaka haujaisha vizuri, na juu yake inakuja malaria, sio mara moja, ni malaria juu ya malaria kila msimu. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu ambako malaria haikatiki na wa Nandi kule juu kwenye ubaridi walikuta wa Kisumu wanapata kirusi mapema zaidi na wanakuwa nacho kingi zaidi kwenye damu.

Malaria inafanya nini hasa? Inachokoza zile chembe za kinga zinazoitwa chembe B zizaliane kwa wingi, na zikiwa kazini zinakatakata na kuunga upya vinasaba vyao ili zitengeneze kinga bora. Kwenye kukata na kuunga huko ndo ajali inatokea, kipande cha kromosomu namba 8 kinahamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye namba 14, na jeni inayoitwa MYC ambayo kazi yake ni kuamuru chembe igawanyike inawashwa na hakuna wa kuizima. Kawaida chembe iliyoharibika hivyo ingekufa, lakini kirusi kilichomo ndani kinaisaidia isife. Viwili hivi vinashikana mkono, kimoja peke yake hakitoshi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, limeiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani.

Na Tanzania tulihusika moja kwa moja. Kati ya 1977 na 1982 kule Mara kaskazini watoto walipewa klorokwini kwa mpango maalumu ili kuona kama ukipunguza malaria na Burkitt inapungua. Ilipungua, na baada ya mpango kuisha na malaria kuanza kuzoea dawa ikapanda tena. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kwasababu namba zilikuwa zimeshaanza kushuka hata kabla ya dawa kugawiwa, na mimi nawaheshimu kwa kulisema hilo. Ila ukichanganya na ile ramani ya Burkitt picha inaeleweka. Kwahiyo mama unayehangaika kila usiku kumchomekea mtoto chandarua na bibi anakwambia malaria ni homa tu ya watoto wote tumekua nayo, endelea kuchomekea. Unamkinga na zaidi ya homa.

Lingine ambalo halisemwi kwa sauti ni HIV. Kinga ikishuka, vile virusi vilivyokuwa kimya vinapata nafasi, na chembe B zinachokozwa muda wote. Limfoma kadhaa zisizo za Hodgkin zipo kabisa kwenye orodha ya magonjwa yanayoonyesha kwamba HIV imefika hatua ya UKIMWI. Kabla ya ARV hatari ilikuwa kubwa mno, mara nyingi zaidi ya mtu asiye na HIV, na dawa zimeishusha sana ingawa haijafika sawa na ya wengine. Ndo maana daktari akikuta limfoma anaomba kipimo cha HIV, na hapo familia nyingi zinanuna, kwetu pia walinuna, mama mkubwa akasema wanamdhalilisha mzee wa watu. Hapana jamani. Kile kipimo kinabadilisha namna ya kumtibu na hakina cha kudhalilisha. Na kama unaishi na HIV, kumeza dawa kila siku bila kuruka ndo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya hii saratani, hakuna juisi wala majani yanayofika hapo. Kwa njia hiyohiyo waliopandikizwa figo na wanaomeza dawa za kushusha kinga hatari yao iko juu, na wenye magonjwa ambayo kinga inajishambulia yenyewe kama lupasi na yale maumivu makali ya viungo.

Sasa tuje shambani, maana hapa ndo kwa mjomba.

Mjomba ni mkulima wa nyanya Ilula, Iringa, wale mnaopita barabara ya Dar mkaona matenga yamepangwa pembeni mnajua nasema nini. Nyanya ni zao la dawa. Kuna ukungu, kuna utitiri, na tangu kantangaze aingie, yule kipepeo ambaye kiwavi wake anachimba majani mpaka yanakauka kama yamechomwa, watu wamekuwa wanapiga dawa kwa wiki mara mbili na zaidi. Nimekulia pale kwahiyo naongea nilichokiona. Dawa inapimwa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko cha hii na cha ile na cha ile nyingine aliyoshauri mwenye duka la pembejeo, zote kwenye ndoo moja, mnakoroga na kijiti na kijiti kikipotea ni mkono. Inamiminwa kwenye pampu ya solo, inabebwa mgongoni, na pampu ikishakuwa ya zamani mpira wake unavuja, kwahiyo mgongo wa shati unakuwa umelowa kuanzia tuta la kwanza mpaka la mwisho. Nozeli ikiziba mtu anaifungua anaipuliza kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo. Glovu hakuna, gambuti ni za msimu wa mvua. Jioni shati lile linaingia kwenye beseni moja na sare za watoto za shule.

Watu wengi wanadhani sumu inaingia kwa kuivuta puani, kwahiyo akijifunga kitambaa usoni anaona yuko salama. Kwa mpiga dawa njia kubwa ni ngozi, mikono na mgongo na mapaja, na ngozi yenye jasho kwenye jua la saa saba inapokea vizuri zaidi.

Je sumu hizi zinaleta limfoma? Jibu la kweli ni kwamba inategemea ni ipi. Lindeni, ambayo ilitumika sana mashambani na hata kuulia chawa, IARC mwaka 2015 iliiweka kwenye kundi la juu kabisa, kwamba inasababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni limfoma isiyo ya Hodgkin. Kilimo duniani kilishaiacha chini ya mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu, tangu 2009. DDT ikawekwa kundi la yumkini, na mwaka huohuo malathioni na diazinoni, dawa nyingine za kuulia wadudu, nazo zikawekwa hapo. Kwahiyo wazee waliopiga dawa miaka ya 70 na 80 walishika vitu ambavyo leo vingine havitakiwi hata kuuzwa.

Alafu kuna glaifosati, hii dawa ya magugu ambayo kila mtu anaijua, unapiga kabla ya kulima unapumzika jembe. Hii ndo yenye ubishi mkubwa. Machi 2015 IARC wakaiweka kundi la yumkini wakitaja limfoma, lakini mamlaka za Marekani na za Ulaya zikasema hazioni ushahidi wa kutosha. Agosti 2018 mahakama ya San Francisco, baraza la wazee wa mahakama likampa Dewayne Johnson, mtunza viwanja vya shule aliyekuwa akipulizia hiyo dawa na akapata limfoma, dola milioni 289, zikaja kupunguzwa kwenye rufaa mpaka milioni 20 na kitu. Mwishoni mwa 2017 ulikuwa umeshatoka utafiti mkubwa wa wapiga dawa zaidi ya 54,000 wa Iowa na North Carolina, Marekani, haukuona uhusiano na limfoma. 2019 wengine wakajumlisha tafiti kadhaa wakasema kwa waliotumia sana hatari inapanda asilimia 41.

Hiyo 41 ndo inayotembea mitandaoni na kutisha watu, ebu tuifungue. Kule Marekani kama watu 2 katika 100 wanapata limfoma isiyo ya Hodgkin maishani mwao. Ukiongeza asilimia 41 juu ya hao 2 hata 3 hawafiki. Kwahiyo hata tukikubali namba mbaya kuliko zote, wapiga dawa 97 katika 100 hawaupati. Mimi msimamo wangu, kwa niliyoyasoma, ni kwamba hakuna anayeweza kusema glaifosati ndo ilimuumiza mjomba, na daktari wake alituambia hivyohivyo, lakini hakuna sababu yoyote ya kuendelea kuoga hayo madawa wakati tunasubiri wanasayansi wakubaliane. Glovu za mpira mnene zinazofika kwenye kiwiko, sio zile nyembamba za hospitali. Koti la mvua la plastiki mgongoni chini ya pampu. Mpira unaovuja unabadilishwa kabla ya kununua dawa nyingine. Nozeli inazibuliwa kwa maji na kijiti laini. Nguo za dawa zinafuliwa peke yake na aliyezivaa anaoga kabla hajabeba mtoto. Na anayelipa vibarua wa kupiga dawa anunue hivyo vitu yeye, kibarua wa elfu kumi kwa siku hawezi kununua glovu akaacha unga. Hili nalisema nikiwa na hasira kabisa, maana wenye mashamba makubwa wanajua.

Gereji nako kuna jambo. Petroli ina benzini, ambayo inajulikana kabisa kuleta saratani ya damu, na kwa limfoma nako kuna dalili ingawa ushahidi wake ni mdogo zaidi. Mafundi wetu wananawa mikono kwa petroli, wanasafishia vipuri kwa petroli, wananyonya mpira kwa mdomo ili mafuta yatoke kwenye tangi. Sabuni ya unga na mchanga kidogo vinatoa grisi vizuri tu.

Mambo ya kula na kuishi, ambayo ndo kila mtu anataka kuyasikia, kwa limfoma yana uzito mdogo kuliko mnavyofikiri. Unene uliopitiliza unaongeza hatari kidogo kwa baadhi ya aina. Sigara vilevile kidogo, Hodgkin mojawapo. Pombe cha ajabu tafiti nyingi hazikuona ikiongeza hii, ila inaleta saratani za koo, ini na matiti kwahiyo hamna cha kusherehekea. Rangi za nywele, wanaohusishwa zaidi ni waliozitumia kabla ya 1980 wakati zilikuwa na kemikali nyingine. Simu na microwave hamna ushahidi wa kuaminika. Kuku wa kisasa hamna.

Ila kuna moja ya tumboni inayonishangaza mpaka leo. Bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, H. pylori, akikaa miaka anaweza kuanzisha limfoma kwenye ukuta wa tumbo, na kwa wagonjwa wengi ikigundulika mapema inaondoka kwa antibayotiki tu, saratani inatibiwa kwa vidonge vya vidonda vya tumbo. Kwahiyo mwenye vidonda vya kila mwaka anayeishi kwa magadi na maziwa aende akapimwe.

Kilichomchelewesha mjomba kipo nyumba nyingi, ndo maana nakiandika. Alikuwa na uvimbe shingoni usiouma, jasho la usiku mpaka shuka linalowa, na kupungua uzito. Mahali alipoanzia, ukisema jasho na kupungua na tezi jibu ni TB, akaanzishiwa dozi na kila mtu akatulia. Wala sio ujinga, TB ya matezi ni nyingi mno huku kwetu na dalili zinafanana. Lakini tezi ziliendelea kukua akiwa anameza dawa na miezi ikaenda. Kwahiyo kama una ndugu anatibiwa TB ya matezi bila kuwa imethibitishwa kwa kipimo, na tezi hazipungui au zinatokea mpya, mwambieni daktari mnataka tezi ikatwe ipelekwe maabara. Ile sindano ndogo ya kunyonya mara nyingi haitoshi kwa limfoma, mtaalamu anahitaji tezi nzima ili aone mpangilio wake ndani na aitaje ni aina gani, maana dawa zinatofautiana. Na kabla dripu za dawa za saratani hazijaanza ulizeni kama amepimwa homa ya ini B, baadhi ya hizi dawa zinaweza kuiamsha.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine kabisa. Burkitt inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Taya likivimba bila jino bovu, au meno yanalegea kabla ya umri wake, au tumbo linajaa haraka, asipelekwe kung'olewa jino wala kwa mganga, apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo. Dawa zake zipo, tangu miaka ya 60 pale Mulago walikuwa wanaona taya zinanywea ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza, na akiwahishwa mtoto anaweza kupona kabisa.